Kikundi cha ukoo: mimea ya kwa Babu

Jumatano

Shangazi Mwana, 1:10 asubuhi: Shikamoo Baba. Wengine hamjambo? Jumamosi Zuhura anahamia kwa Baba na paka wake na yule mtoto wa mbwa. Kabla hawajafika ile mimea ishughulikiwe. Nani anakuja Ijumaa?

Shangazi Mwana, 1:16: Naanza na mayungiyungi ya mezani. Kwa paka ni sumu yote, jani, ua, hadi maji ya chombo. Chavua ile ya rangi ya chungwa ikimwangukia manyoyani akajiramba, inatosha. Figo zinafeli ndani ya siku 1 hadi 3.

Shangazi Mwana, 3:40: Mmesoma, naona. Jibuni basi.

Juma, 4:02: Mimi nikiyala je? 😂

Baba Mdogo Salim, 4:03: Huyo alikula mshumaa wa keki 🤣

Mama Zuhura, 4:03: 🤣🤣 na akaomba mwingine

Shangazi Mwana, 4:05: Juma, kuna kiumbe atakufa hapa. Acheni.

Zuhura, 6:20 mchana: Shangazi, wangu hatafuni majani kabisa. Akigusa nitajuaje?

Shangazi Mwana, 6:22: Atatapika, atakataa chakula, atajificha. Lakini usingoje dalili mwanangu. Mkimbize kwa daktari wa mifugo na kipande cha mmea mkononi. Akianza dripu kabla ya saa 18 kupita, ana nafasi nzuri.

Baba Mdogo Salim, 6:30: Si anapewa maziwa tu

Shangazi Mwana, 6:31: Maziwa hayaondoi sumu. Na maji ya chumvi msithubutu, yanaweza kumuua yenyewe.

Shangazi Mwana, 6:38: Kwa mbwa nahofia ule mtapo wa ngazini, ule kama mtende mfupi. Mbegu zake ndizo kali zaidi, zinaua ini, na kale katoto kanatafuna kila kitu. Halafu oleanda ya getini. Ile inashika moyo. Ikatwe.

Baba Mdogo Salim, 6:39: Oleanda haiguswi. Mama aliipanda kwa mkono wake.

Shangazi Mwana, 6:41: Na mbwa wetu Simba?

Baba Mdogo Salim, 6:41: Simba aliwekewa sumu, unajua na nani.

Shangazi Mwana, 6:44: Simba alikuwa anatafuna matawi uliyopogoa wewe. Nilisema siku ileile, mkaninyamazisha.

Baba Mdogo Salim: Ujumbe huu umefutwa

Mama Zuhura, 6:50: Jamani, Baba yumo humu.

Alhamisi

Babu, 12:15 asubuhi: Nimesomewa yote. Mama yenu aliupenda ule mti. Simba alimpenda zaidi. Jirani yetu hatujampa salamu tangu siku ile. Salim, utakwenda kumwomba radhi, wewe, si mwingine. Habari ya mti tutaongea mkifika.

Baba Mdogo Salim, 2:50: Nimesikia Baba.

Shangazi Mwana, 3:00: Ahsante Baba. Basi kesho mayungiyungi na mtapo vinatoka. Tuje na glavu, mbegu ziokotwe zote. Oleanda ikija kukatwa, matawi yasichomwe, moshi wake nao ni sumu.

Juma, 8:10 mchana: Nakuja nikipata gari

Shangazi Mwana, 8:11: Ukipata au unakuja?

Zuhura, 3:25 usiku: Shangazi, na shubiri ya dirishani?

Shangazi Mwana, 3:26: Hiyo itawatapisha na kuwaharisha. Ipandishe juu ya kabati lisilorukika. Juma bado hajanijibu, na mtapo siuwezi peke yangu.