Waandaaji wa mashindano ya maigizo Malindi: tanzia-ramsa si kosa la kukatiwa alama

Ndugu wanajukwaa, assalamu alaykum, na salamu kwa wote.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Kikundi chetu cha maigizo hapa Malindi kimekatwa alama katika mashindano ya hivi karibuni. Waigizaji hawakusahau maneno, na sauti zilifika hadi viti vya nyuma. Kosa letu, kwa mujibu wa karatasi ya alama, ni kwamba mchezo uliwachekesha watu na kuwahuzunisha katika onyesho lilelile, yaani ni tanzia-ramsa, na kwa hiyo jaji mmoja akaandika kuwa mchezo “haujui unataka kuwa nini”.

Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na visanduku viwili tu, tanzia (mchezo wa huzuni) na kichekesho. Tulipouliza mchezo wenye yote mawili uandikwe wapi, tulijibiwa kwamba usiozidi nusu saa utahesabiwa kichekesho na unaozidi hapo utahesabiwa tanzia. Wetu ulikuwa mfupi, basi ukawekwa katika vichekesho, na mshereheshaji akautangaza hivyo mbele ya ukumbi mzima.

Naomba mnisikilize kuhusu mchezo wenyewe, kwa sababu dhuluma iko hapo. Mzee amefariki, na kabla hitima haijasomwa wanawe wamekwisha kuja na futi ya kupimia nyumba. Wanagombania upana wa daka, wanapima choo mara mbili kwa kuwa kila mmoja anamshuku mwenzake, na yule mkubwa anaandika vipimo nyuma ya karatasi ya hesabu ya mchele na nyama ya hitima. Watu walicheka sana, na ndivyo tulivyotaka. Kisha mama yao, aliye eda katika chumba cha ndani, anauliza kutoka nyuma ya pazia: “Na kitanda changu, wanangu, mmekipimia upande gani?” Wengi walinyamaza papo hapo. Lakini wapo waliokuwa wameambiwa kwamba wamekuja kutazama kichekesho, nao wakaendelea kucheka wakidhani huo ni mzaha mwingine, hata dada yetu aliyeigiza mjane akalazimika kuyasema maneno yake yaliyobaki juu ya kelele zao. Baada ya hayo, jaji akatukata alama kwa “huzuni isiyofaa”. Huzuni ile ndiyo iliyoandikiwa mchezo mzima!

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jina la utanzu huu lipo, tena si siri. Vitabu vya fasihi vinavyosomwa katika shule zetu za upili huorodhesha tanzia, huorodhesha ramsa, ambayo wengine huiita futuhi, na mara baada ya hizo huitaja tanzia-ramsa, yaani mchezo unaochanganya uzito wa ile ya kwanza na wepesi wa ile ya pili. Wapo wanaoandika trejikomedia, na kwa tamthilia za televisheni vijana husema dramedi; mimi sigombani na yeyote kati yao, mradi mchezo upewe mahali pake. Hata kisanduku cha “kichekesho” chenyewe hakikuwekwa kwa uangalifu, kwa kuwa vitabu hivyohivyo hutenga kichekesho, ambacho shabaha yake ni kicheko tu kwa vitendo vilivyotiwa chumvi, na ramsa, ambayo inaweza kubeba jambo zito na bado ikaishia kwa furaha. Na neno “tanzia” likibandikwa peke yake kwenye tangazo hapa pwani, ambako watu wamezoea kulisikia redioni katika matangazo ya vifo, litamfanya mpita njia aulize ni nani aliyefariki.

Mchanganyiko huu una umri mkubwa. Plautus, mtunzi wa Roma ya kale aliyeishi zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, alimpa mhusika wake Mercurius, katika utangulizi wa tamthilia ya Amphitruo, kazi ya kuwaeleza watazamaji kwamba mchezo wenye miungu na wafalme hauwezi kuwa ramsa tupu, na kwa kuwa mtumwa naye yumo, utakuwa mchanganyiko. Akautajia jina palepale jukwaani. Mwaka 1904, Chekhov, mwandishi wa Urusi, alilalamika kwamba mchezo wake wa mwisho, aliouita komedia, uliigizwa Moscow kama msiba chini ya uongozi wa Stanislavski. Kwa hiyo ugomvi wa nani anaupa mchezo jina si wetu peke yetu.

Mmoja wa waandaaji alijitetea kwamba kanuni ya nusu saa imetoka Marekani. Ni kweli, ila hakuimalizia. Waandaaji wa tuzo za Emmy, zile za televisheni, waliiweka mwaka 2015, na matokeo yake mwigizaji Uzo Aduba, aliyekuwa ameshinda upande wa vichekesho mwaka 2014, alishinda upande wa drama mwaka uliofuata kwa mhusika yuleyule wa tamthilia ileile. Kuanzia mashindano ya 2022 waliiacha kanuni hiyo. Sisi tunaiokota baada ya wenyewe kuitupa.

Wala nisiambiwe kwamba watazamaji wa hapa hawawezi kubeba yote mawili. Majirani zetu Wagiriama huwa na ngoma na mizaha katika mahanga, yaani matanga yao, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba kwa kucheka wamemsahau marehemu. Watazamaji wetu walihitaji tu kuambiwa ukweli mlangoni.

Tunachodai ni hiki: fomu ya mwakani iwe na kisanduku cha tanzia-ramsa, mwandishi mwenyewe ndiye akichague, urefu wa mchezo usihusishwe kabisa na aina yake, na mshereheshaji asome kile kilichoandikwa na kikundi. Alama zetu nazo zipitiwe upya na majaji wengine. Barua tumekwisha kuipeleka, na hadi leo haijajibiwa. Vikundi vingine vya Malindi, Watamu na Mambrui vilivyokatwa alama kwa sababu kama hii, tafadhali andikeni hapa chini jaji aliwaandikia nini, neno kwa neno, ili tuyapeleke malalamiko haya kwa pamoja.