Uzio wa mbao Naliendele: nijenge mwenyewe au nimwite fundi?

Kipara wa Naliendele

Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba huku Naliendele, Mtwara, nyuma kuko wazi na njia ya watu wanaokwenda kisimani inapita hapohapo. Mama mkwe yuko kwangu tangu Mei. Jiko letu liko uwani, na ameshafikisha ujumbe kupitia kwa mke wangu kwamba yeye hapikii barabarani. Ua wa makuti tuliokuwa nao mchwa wameula, uliobaki kusi imeulaza.

Nataka uzio wa mbao wa futi 6, usioonesha ndani, mita 27 hivi. Tofali nimeziweka kando kwa sasa, msinipeleke huko. Fundi mmoja kanitajia 950,000 kwa kila kitu, mbao analeta yeye. Mwingine anataka 180,000 ya ufundi tu, vifaa vyangu. Na mimi mwenyewe nina nyundo, msumeno na likizo ya wiki mbili. Nimeangalia video nyingi za Wamarekani, wanasema ukijenga mwenyewe unaokoa karibu nusu. Mnanishauri nini?

Mtani wa Masasi

Mmakonde anauliza watu habari za mbao! Babu zako wanautoa mzimu mzima ndani ya gogo la mpingo, wewe unashindwa kusimamisha ubao? Sisi Wayao tumesikia, tutaisimulia hii mpaka msimu wa korosho uishe.

Mama Shangani

Kaka, mtani wako muache acheke. Mimi nilichukua njia ya "kila kitu", nikuambie ilivyokuwa. Fundi nilimpa advansi, siku ya pili mbao zikashushwa, nzito, zinanukia vizuri. Kumbe zilikuwa mbichi. Januari uzio ukasimama, ubao umebanana na ubao, majirani wanakuja kuusifia. Kufika Agosti kila ubao umesinyaa, katikati kuna nyufa za kupitisha penseli. Tukipakua wali mpita njia anajua leo tunakula na nini. Nikampigia fundi, akasema mama mbao ni kitu cha Mungu, zinapumua. Hela yote alikuwa ameshachukua, ningemfanya nini?

Fundi wa Ligula

Naomba niongee kama mtu wa kazi hiyo. Twende kwenye hesabu kwanza, maneno baadaye.

Nguzo ukizisimamisha kila futi 6, mita 27 inakupa nafasi 15, kwa hiyo nguzo 16 za futi 8: futi 2 chini, 6 juu. Mbao za kulala, inchi mbili kwa tatu, mistari 3. Ni futi 270, yaani mbao 23 za futi 12. Ubao wa kusimama unaitwa moja kwa sita, lakini ukiupima baada ya kurandwa utakuta inchi 5 na nusu, kama sentimita 14. Ukizigusanisha unahitaji vipande 193, mbao 97 za futi 12 ukizikata katikati. Wengi wanagawa kwa sentimita 15 halafu siku ya mwisho wanakimbilia dukani. Saruji mifuko 4 inatosha mashimo yote.

Sasa, mwaka jana nilimfanyia mteja mita 25 kwa mbao zenye dawa. Vifaa peke yake vilimtoka 1,060,000. Huyo wa 950,000 pamoja na ufundi atakuletea nini? Atakuletea mabanzi, au mbao zisizo na dawa, na wewe uko kivulini huoni.

Na hao Wamarekani wanasema kweli, ila ya kwao. Kule saa ya fundi ni ghali, mbao ni nafuu kwao. Huku ni kinyume chake. Kwenye kazi kama yako ufundi haufiki hata moja ya tano ya gharama yote. Ukijenga mwenyewe unachookoa ni hiyo 180,000, na humo humo bado utamlipa kijana wa kuchimba. Hela yako iko kwenye mbao. Nenda kanunue mwenyewe, kwa macho yako.

Kipara wa Naliendele

Fundi, umenifumbua macho. Lakini nikienda kununua nitajuaje iliyo nzuri? Zote naona za njano.

Mstaafu Mikindani

Bwana mdogo, hapo ndipo nilipojifunzia mimi, na wa kwangu nilijenga kwa mikono hii mwaka wa kwanza wa kustaafu. Sikuokoa fedha nyingi, fundi anasema kweli. Nilikuwa natafuta kazi ya kufanya asubuhi.

Paini inayoshuka kutoka Mafinga, ikiwa na dawa, ina ukijani. Chukua nzito na nyepesi, linganisha: nzito ina maji. Nilizipanga zangu bandani wiki 5, kila safu vijiti katikati ili upepo upite, juu nikaweka mawe zisipinde. Mke wangu alidhani nimefungua duka. Ukikata mbao yenye dawa, ile ncha uliyoikata dawa haikufika katikati yake, ndipo mchwa anapoingia. Kwa hiyo nguzo ukiipunguza urefu, ncha iliyokatwa iende juu, ya kiwandani iende ardhini. Watu wanazigeuza. Na kichwa cha nguzo kikate mshazari, maji yateremke.

Vipande vinavyobaki msipikie. Dawa ile mara nyingi ina arseniki ndani yake, moshi wake si wa kuvutwa na majivu yake si ya kumwaga bustanini. Mwambie na mama mkwe mapema, maana bibi zetu hawaachi kuni zikalala.

Kuchimba ndiko kulikonitoa jasho. Huku Mikindani ukipita shibri mbili unagonga matumbawe. Siku 3, mtaimbo na sururu, mashimo 5.

Kipara wa Naliendele

Shikamoo mzee. Huku kwetu ni mchanga mtupu, shimo nusu saa.

Fundi wa Ligula

Mchanga unachimbika upesi na unaachia upesi. Hapo zege ni lazima, usishindilie udongo tu ukasema imekaa. Zege liishe juu kidogo ya ardhi, literemke pande zote. Likiwa na bakuli maji yanatuama shingoni mwa nguzo, na nguzo nyingi zinazooza zinaozea hapo, si chini kabisa. Kisha subiri. Nimewahi kuitwa kunyoosha uzio wa mtu aliyepigilia mbao siku hiyohiyo ya zege, zile nguzo zililala kama walevi. Lipe zege siku 3 angalau.

Mitwero

Nawasalimu kutoka Lindi. Naona hamjagusa upepo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, ile wiki barabara ya Dar ilikatika Somanga, uzio wangu wa mbao zilizobanana ulikwenda wote kwa pamoja, kama tanga. Jirani yangu mwenye mbao za kupishana, moja nje, moja ndani, upepo ukapita katikati. Alipoteza vipande vichache tu.

Kupishana kunatibu na ugonjwa wa Mama Shangani. Mbao zikisinyaa bado zinafunikana, jicho halipiti. Ila utanunua zaidi.

Jingine, kabla ya shimo la kwanza tafuta bikoni zako za mpaka na mwite jirani muangalie pamoja. Mimi nilihamisha nguzo 4. Tulisalimiana kwa kichwa tu mwaka mzima.

Fundi wa Ligula

Mitwero yuko sahihi. Ukizipishanisha zifunikane sentimita 2 kila upande, vipande vinakuwa 225, yaani mbao 113. Nunua 115. Na misumari iliyopakwa zinki, chumvi ya bahari inafika mpaka huko kwenu. Ya kawaida italia machozi ya kutu kwenye mbao kabla ya mwaka.

Mtani wa Masasi

Mbona mnamtesa? Nguzo pakaeni oili chafu ya gari, ya bure gereji, mchwa hasogei. Sisi ndivyo tunavyofanya.

Mama Shangani

Na kisima kiko njia hiyohiyo, hukusoma? Utawanywesha watu oili.

Mtani wa Masasi

Haya dada, nimenyamaza.

Mstaafu Mikindani

Nguzo zenye dawa ya kiwandani hazihitaji oili. Na mbao za kusimama zisiguse ardhi, acha nafasi ya vidole vitatu. Mchwa akitaka kupanda ajenge njia yake juu ya nguzo uione, uibomoe kwa fagio.

Ukinunua mbao za msituni badala ya paini, mkongo au nyingine, dai risiti na uangalie alama ya nyundo ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali. Zinazouzwa usiku kwa bei ya kutupa zinaweza kukamatwa zikiwa kwako, na muuzaji humjui hata jina.

Kipara wa Naliendele

Nashukuruni sana. Nimekaa na mke wangu tukapiga hesabu. Wa 950,000 nimemuaga. Mbao nanunua mwenyewe wiki hii, zinakaa bandani mwezi mzima, likizo nimeisogeza. Yule wa ufundi tu nimemwomba afanye nguzo na mbao za kulala, kwa 110,000, na pima maji yake. Mbao za kusimama nitapigilia mimi na kijana wangu wa kidato cha pili, maana huko hata nikikosea napindisha ubao mmoja, si uzio mzima. Mama mkwe ameridhika, ila ametaka turubai kwa huu mwezi wa kusubiri. Limeshafungwa.

Mama Shangani

Malipo je? Usirudie yangu.

Kipara wa Naliendele

Mafungu matatu dada. La mwisho siku 3 baada ya zege, nikishazisukuma nguzo zote kwa bega.

Fundi wa Ligula

Huyo sasa hadanganyiki. Mlango umeupangaje?

Kipara wa Naliendele

Mita 1, bawaba 3, unafungukia nje ili usile nafasi ya jiko.

Fundi wa Ligula

Ufungukie ndani, mkuu. Huko nje kuna watu wanapita na ndoo kichwani.