Utingo kagongwa akifuata chipsi: fidia ipo au haipo?

MwanaTunduma: Wakuu, mdogo wangu ni utingo wa lori, Dar hadi Tunduma. Juzi usiku walisimama Ruaha Mbuyuni, dereva akabaki anachunga mzigo, dogo akavuka barabara kufuata chipsi mayai za watu wawili. Bodaboda ikamzoa, mguu umevunjika. Bosi anasema, "Mimi sikumtuma chipsi." Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhusu au ndiyo basi?

KichwaNgumu: Kula ni shida yako binafsi. Kesho akiteleza chooni, bosi alipe tena? Halafu watu wa malori tunawajua, wana "chipsi" kila kituo.

MkeWaDereva: Unamjua nani wewe? Mume wangu kalala chini ya tela siku 4 kwenye foleni ya Tunduma, wewe uko ofisini unapulizwa na feni.

KichwaNgumu: Dada, mbona umejishtukia? Sijataja mtu.

BabuMizani: Turudi kwenye mada. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa mapumziko ya saa 1 ukishapiga kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Na ukitakiwa uwe tayari kwa kazi muda huo, unalipwa. Sasa mtu yuko njiani na mzigo wa bosi, akale wapi? Kwao?

KichwaNgumu: Kwa hiyo bosi atoboke mfuko kwa sababu dogo hatazami barabara?

BabuMizani: Atoboke wapi? Mchango wa Mfuko analipa mwajiri kila mwezi, ajali iwepo isiwepo. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

MkeWaDereva: Ajibu kwanza la chipsi za kila kituo.

VitunguuMbuyuni: Mimi nauza vitunguu hapo hapo, nilikuwepo. Ile boda haikuwa na taa. Dogo kalala chini, kifuko kimoja bado kakishika, anasema mpelekeeni dereva.

BodaHalali: Kila kitu boda! Utingo wanavuka kama kuku.

VitunguuMbuyuni: Taa haikuwepo, kaka. Unabisha ulikuwepo?

BabuMizani: MwanaTunduma, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mnayo? Mkataba wa kazi je?

MwanaTunduma: PF3 tunayo. Mkataba hajawahi kuuona, anapewa hela ya safari mkononi. Na leo bosi kasema hamjui.

BabuMizani: Duh. Huyo dereva atakubali kuandika maelezo?

MkeWaDereva: KichwaNgumu, nakusubiri hapa hapa.