Wenye mifugo mnaoishi mbali, acheni kuwasukumia lawama vijana wa kazi

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Jirani yangu ana ng'ombe na mbuzi shambani, mwenyewe anaishi mbali kabisa. Juzi ng'ombe wake amekufa kwa kuvimba tumbo. Ubavu wa kushoto umekaza kama ngoma, ulimi nje, anahema kwa tabu. Kijana wa kazi akampigia bosi kuomba ruhusa ya kuita daktari wa mifugo. Hapokei. Akapiga tena, akajibiwa: "Nipo kikaoni, subiri." Mnyama aliyejaa gesi anaweza kufa ndani ya saa chache, anasubiri nini? Jioni bosi ndiyo anapiga, na neno la kwanza ni kwamba kijana amezembea, atakatwa mshahara!

Hapo ndipo nilipochemka. Umemwachia mtu mifugo, hukumwachia hela wala uamuzi. Hana dawa, hana namba ya daktari, hata gunia la pumba hanunui mpaka akuulize. Uzembe ni wako, na mshahara wa kijana umlipe wote. Wenzetu Uingereza wameliweka kwenye sheria yao ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006: anayemtunza mnyama anawajibika, hata kama ni kwa muda, lakini mwenye mnyama anahesabika kuwajibika wakati wote. Wakati wote, wakuu.

Halafu kuna hawa wa kutumiwa picha kwenye simu. Picha imepigwa kutoka mlangoni, mbuzi wanaonekana wamenenepa, bosi karidhika. Mimi nimeingia kwenye lile banda. Kuna mbuzi jike kwato zimerefuka mpaka zimepinda kwenda juu, anakula amepiga magoti kwa sababu kusimama kunamuuma. Kwato hazifiki hapo kwa wiki moja. Ni miezi mingi hakuna aliyezikata, na kijana hajawahi kufundishwa.

Maji nayo. Ng'ombe anayekamuliwa anaweza kunywa lita 100 kwa siku, joto likizidi anapita hapo. Pampu imeharibika, kijana mmoja anachota kwa ndoo kundi zima, na pampu nayo inasubiri ruhusa.

Mkitaka kufuga mkiwa mbali, wekeni hela ya dharura kwa mtu aliye jirani na banda, elewaneni na daktari mapema, na mumwambie kijana waziwazi: mnyama akigoma kula, akishindwa kusimama au akikwama kuzaa, ita daktari kwanza, mimi nipigie baadaye. Tafuteni na mtu wa pili. Kijana akiugua, au akichoka kudai mishahara yake akaondoka usiku, asubuhi nani anawafungulia? Na mje wenyewe bila kuaga, mshike kwato kwa mikono yenu.

Anayeona hayo yote ni mzigo auze wanyama wiki hii, kabla kiangazi hakijakaza.