YubiKey, Thunderbird, na hofu ya kifaa kudondoka majini

Bint Langoni
Assalam aleikum. Nipo Lamu mjini, naandika maelezo ya wazee kuhusu mashamba yao na kuyatuma kwa wakili Mombasa kwa baruapepe iliyofungwa kwa OpenPGP, mfumo wa funguo mbili: wa umma wa kufungia barua, na wa siri wa kuifungulia. Kompyuta ya ofisi twaitumia wengi, kwa hiyo nimenunua YubiKey 5, kifaa kidogo cha kuchomeka cha kuhifadhia ufunguo, ili ufunguo wa siri usikae humo tena. GnuPG, programu ya funguo za OpenPGP, inakiona kifaa, ila Thunderbird, programu yangu ya baruapepe, hainipi pa kukichagua. Tena kila wiki navuka kwenda Mokowe. Kikidondoka pale gatini, barua za wazee nitazifungua na nini? Wamenieleza mambo yao kwa kuniamini.

Fundi Shela
Waaleikum salaam, dada. Tangu toleo la 78, mwaka 2020, Thunderbird ina OpenPGP yake ya ndani, nayo haizijui kadi za funguo kama YubiKey yako. Nenda kwenye mipangilio, ukurasa wa kwanza, chini kabisa. Fungua kihariri cha mipangilio, tafuta mail.openpgp.allow_external_gnupg, uiweke true. Kisha kwenye akaunti yako chagua ufunguo wa nje kupitia GnuPG, uandike kitambulisho chake. Wengi hukwama hapa: funguo za umma, wako na wa wakili, lazima uziingize ndani ya Thunderbird yenyewe. Za GnuPG kwa kawaida haizisomi.

Bakari wa Malindi
Dada, la gatini ndilo la kwanza. Je, umeshatoa amri ya keytocard? Amri ile ya GnuPG huhamisha ufunguo kutoka kompyuta hadi kwenye kadi, yaani YubiKey; hainakili. Ukishahifadhi, kompyuta inabaki na alama tu kwamba ufunguo uko kwenye kadi, na kadi haiutoi tena kwa yeyote, hata kwako.

Bint Langoni
Bado, alhamdulillah. Ufunguo ungali kwenye kompyuta.

Bakari wa Malindi
Basi usiiguse keytocard kwanza. Zima intaneti, toa ufunguo wote kwa --export-secret-keys uuweke kwenye flashi mbili, pamoja na cheti cha kubatilisha, cha kutangaza kwamba ufunguo haufai tena, kilichomo kwenye folda ya openpgp-revocs.d. Flashi moja ifungie nyumbani, ya pili mpe mtu wako wa kuaminika ng'ambo ya Lamu. Zijaribu zote kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyojaribiwa mimi siihesabu. Ndipo uhamishe. Badilisha pia namba za siri za kiwandani za YubiKey, 123456 na ile ya msimamizi 12345678. Ukikosea mara tatu hujifunga.

YubiKey ikizama, nunua nyingine, uhamishie ufunguo uleule kutoka kwenye flashi. Barua za wazee zitafunguka. Ikiibwa pamoja na namba yake, hapo batilisha ufunguo na umpigie wakili simu siku hiyohiyo.