Naenda likizo nchini kwao baba kuwaona ndugu, naombeni ushauri wa mizigo na zawadi

Mtoto wa Kati:
Habari zenu wakuu. Nimebakiza siku 19 na usingizi sipati kabisa. Naenda likizo ya wiki 3 nchi aliyozaliwa baba, mara ya mwisho nilipelekwa nikiwa na miaka 4 na sikumbuki kitu zaidi ya ngazi ndefu na mtu amenibeba mgongoni. Sasa hivi nina 26. Kule kuna ukoo mzima, mashangazi, baba wadogo, mabinamu ambao sura zao nazijua kwenye picha za simu tu, na bibi yupo hai ila amezeeka sana. Lugha yao sijui, hata salamu nababaisha. Swali langu: begi la kupakia ni moja, kilo 23, ndugu ni kama 40, zawadi nagawaje watu wasione nimewabagua? Na wakianza kuomba hela nifanyeje? Asanteni.

Mama Mapacha:
Usijaribu kumpa kila mtu mkononi mdogo wangu, utaumbuka. Wazee wape mmoja mmoja, tena kwa mikono miwili. Waliobaki gawa kwa nyumba, na za watoto weka mfuko mmoja umkabidhi shangazi mkubwa agawe yeye, lawama zitamwishia yeye na yeye anazimudu. Mimi mwaka wa kwanza nilipoenda kwao mama nilibeba mashati yameandikwa majina kabisa, nikamsahau mtoto mmoja wa mjomba, alikuwa na miaka 8. Leo ana watoto watatu na kila nikipiga simu ananiuliza shati lake liko wapi. Anacheka lakini anauliza.

nesi_wa_zamu:
Zawadi baadaye, umechanja? Kama nchi hiyo inataka cheti cha homa ya manjano jua kwamba cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo siku 19 sio nyingi kama unavyodhani. Na kama kule kuna malaria naomba unisikilize vizuri. Wanaoenda kutembelea ndugu huwa wanaugua malaria kuliko wanaofikia hotelini, sababu wanalala nyumbani kwa watu, wanakaa siku nyingi, na wanaamini damu yao inaijua ile nchi. Damu yako haijui kitu, umekulia mbali. Nimewapokea wengi wodini wanasema "lakini kule ni kwetu". Muone daktari kabla ya kuondoka, dawa nyingine zinaanzwa siku moja au mbili kabla na zinaendelea hata ukisharudi.

Kaka Mkubwa:
Kuhusu hela, panga kiasi kabla hujapanda ndege, kiweke kando, kikiisha kimeisha. Ukitoa ya kwanza hadharani umekwisha. Ila dada, hayo yote mtu wa kumuuliza si baba yako? Yeye ndo anajua nani mkubwa, nani hasemi na nani. Kwanza unafikia kwa nani?

Mtoto wa Kati:
Asanteni sana. Chanjo nilichoma wiki iliyopita. Dawa za malaria kweli sikuwaza maana shangazi aliniambia wao hawamezi, nitaenda kwa daktari. Nafikia kwa baba mdogo. Viza nimeomba kama mtoto wa mzawa, nilipeleka kopi ya cheti cha kuzaliwa cha baba, ilitoka haraka. Baba ana kazi nyingi sitaki kumsumbua. Turudi kwenye zawadi, je sabuni na mafuta ya kupaka ni heshima au ni dharau?

Wakili Mstaafu:
Ngoja kidogo. Nchi nyingi mtoto wa raia anahesabiwa raia hata kama hajawahi kukanyaga hapo, na wewe umeshawapelekea ushahidi mwenyewe. Kuna nchi zinataka raia wao aingie na kutoka kwa pasipoti yao tu. Na ukiwa na uraia wa nchi mbili, ukipata matatizo ndani ya nchi mojawapo usitegemee ubalozi wa ile nyingine ukutetee, ipo kwenye kifungu cha 4 cha Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930 wa mambo ya uraia. Waulize ubalozini wanakuhesabu nani, kabla hujafika uwanja wa ndege. Pia angalia pasipoti ina miezi mingapi, wengi wanataka isipungue 6.

Mama Mapacha:
Sabuni ni heshima.

Kaka Mkubwa:
Dada umenikwepa. Baba anajua kama unaenda?

Mtoto wa Kati:
Sawa, naona hamtaniacha. Baba hajui. Yeye na baba mdogo hawajaongea miaka 22. Baba alikuwa anatuma hela za kujenga nyumba ya wazazi, miaka mingi, tulipoenda ile safari nikiwa na miaka 4 akakuta nyumba imejengwa kweli ila hati ina jina la mdogo wake. Tulirudi kabla ya siku na hakuenda tena hata babu alipofariki. Cheti nilikitoa kabatini kwake nikapiga kopi nikakirudisha. Najua mtasema nimekosea lakini mimi ni mtu mzima, tiketi nimelipa kwa mshahara wangu na hairudishwi hela, na ugomvi wa nyumba haunihusu. Wale ni ndugu zangu pia. Bibi aliniambia njoo nikuone kabla macho hayajaisha, ningejibu nini?

Mzee wa Busara:
Mwanangu, umeingia kabatini kwa baba yako kama mwizi halafu unaenda kulala kwenye nyumba iliyomtoa machozi. Hata kama una haki, njia uliyopita si njia. Mwambie leo.

Kaka Mkubwa:
Mzee punguza ukali. Mimi baba yangu alikufa hajaongea na kaka yake, tukazika, baba mkubwa akaja msibani akasimama mbali na kaburi kama mpita njia. Hadi leo sijui waligombea nini na hakuna aliyebaki wa kunieleza. Huyu binti anajaribu kitu ambacho sisi hatukujaribu.

Jicho la Tatu:
Wakuu mmekunywa chai na hamjaona majani. Rudini juu msome. Mwanzo kasema lugha hajui hata salamu. Hapa bibi kamwambia "njoo nikuone kabla macho hayajaisha". Waliongea lugha gani? Na bibi aliyezeeka hivyo anashika simu mwenyewe? Hii ni hadithi, anasubiri tulie.

nesi_wa_zamu:
Hata mimi hapo nilisita. Ila ushauri wa dawa unabaki palepale, hata kama mtoa mada ni hadithi kuna mwingine anasoma na anasafiri kweli.

Jicho la Tatu:
Ajibu basi. Nimetulia.

Mtoto wa Kati:
Sio hadithi. Binti wa shangazi anajua lugha zote mbili, kila Jumapili anakaa karibu na bibi anashika simu, bibi anaongea yeye ananitafsiria. Wiki mbili zilizopita bibi aliongea kirefu sana akawa anarudia neno moja, binamu akawa hatafsiri. Nikamuuliza hilo neno ni nini, akasema ni jina la baba la utotoni. Bibi alikuwa anauliza mwanawe anataka kulala chumba kipi. Wamemwambia baba anakuja na mimi. Baba mdogo ndiye aliyemwambia, anasema bibi alikuwa hali vizuri na tangu aambiwe hivyo ameanza kula. Binamu akaniuliza, nimkatalie? Nikasema usimkatalie.

Hiyo ndo sababu silali. Ya zawadi ni kweli nilitaka kujua, ila hii ndo yenyewe.

Mama Mapacha:
Ee Mungu.

Jicho la Tatu:
Nimekosea, samahani dada. Lakini sasa hapo pabaya zaidi. Ukishuka peke yako yule bibi atakuwa anaangalia nyuma yako.

Mzee wa Busara:
Una siku 19. Baba yako ana haki ya kujua kwamba mama yake anamwandalia chumba. Akikataa kwenda, akatae akijua. Na kule wamwambie bibi ukweli mapema, wasisubiri siku ya kufika.

Mtoto wa Kati:
Naogopa akinizuia.

Kaka Mkubwa:
Hatakuzuia kwa hilo. Atanyamaza. Jiandae kwa kunyamaza, usianze kujitetea.

Mtoto wa Kati:
Wakuu nimerudi, zimebaki siku 12. Nilimwambia, na cheti pia nikamwambia. Alinyamaza kweli, siku nne, hata chakula anakula chumbani. Sikujitetea ila nililia. Nilimpigia binamu tukamwambia bibi kwamba bado haijajulikana kama baba atakuja, akasema chumba kibaki hivyohivyo. Leo asubuhi baba kanikuta nafunga begi, akasimama mlangoni akaniuliza, mzigo wako unaruhusiwa kilo ngapi? Nikasema 23. Akaenda akarudi na mfuko umefungwa kamba, akaweka juu ya nguo zangu, akasema huu wa mama, usimpe mtu mwingine yeyote akushikie. Nimepima, una kilo 6. Sijaufungua na sitaufungua. Kwa hiyo naomba tena ushauri, zawadi nilizonunua tayari ni kilo 17, nguo zangu sijaweka zote. Nipunguze nini?

Mama Mapacha:
Punguza nguo zako. Kule kuna mashangazi, watakuvisha.