Kudurusu kwa sauti au kimya kimya: kipi kinabaki kichwani?

Mama Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Nina wawili nyumbani, na mkubwa anafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Novemba hii. Huyu hawezi kusoma mpaka nyumba nzima isikie. Anazunguka uani na daftari la Baiolojia, anarudia rudia kama yuko chuoni, yaani madrasa, mbele ya maalim. Dadake wa kidato cha tatu hujifungia juu, hata redio hataki. Kila baada ya isha ni mzozo, na nyumba zetu za Amu (Lamu) mnazijua, ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Baba yao anasema kijana ndiye anayesoma, msichana anatazama karatasi tu. Lakini mbona alama zinazopanda ni za msichana? Nisaidieni, hasa nyinyi walimu.

PundaWaAmu
Mimi nilisoma kwa sauti mwaka mzima. Aliyefaulu ni jirani.

Maalim Mkomani
Wa aleikum salaam mamangu. Baba watoto ana haki, ila si yote. Chuoni kusoma kimya hakuna. Watoto wamejaa mkekani, kila mmoja na sura yake, wote kwa sauti moja juu ya nyingine, na mwalimu ameegemea ukuta amefumba macho. Mmoja akikosa irabu anamsikia, anamrudisha. Bila sauti ningemsahihishaje? Lakini kule sauti yenyewe ndiyo somo: herufi itoke mahali pake, panapovutwa pavutwe. Kwenye Historia hakuna atakayemuuliza kijana amelitamkaje neno. Na tuseme kweli, mtoto anaweza kuhifadhi juzuu nzima asijue maana ya aya moja. Ndiyo maana darasa la tafsiri likawekwa mbali na lile la kuhifadhi.

Mwl. Barani
Nafundisha Kiswahili hapa Malindi, kwa hivyo nitavutia kwangu kidogo. Ushairi haukaguliwi kwa macho. Swali la arudhi, yaani kanuni za utunzi, likija, mwanafunzi anayehesabu mizani (silabi) kimya anateleza pale pale kila mwaka: "mtoto" ni mizani 3, jicho la haraka linaona 2. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Tamka polepole ukikunja vidole, ukipata 7 rudi, kuna mahali umeruka. Insha vilevile. Asome aliyoiandika kwa sauti, sentensi isiyo na kitenzi itamkwaza ulimini hata kama macho yaliipita mara tatu.

Riwaya ni habari nyingine. Kitabu kizima kwa sauti utakimaliza lini? Asome kimya, aandike pembeni nani kafanya nini na kwa nini, halafu arudi kwa sauti kwenye vile vifungu vinavyopenda kuulizwa muktadha.

Hii ya kusema huyu anasoma na yule hasomi kwa sababu ya kelele, hapana. Prepu za bweni, yale masomo ya jioni, zote ni kimya na watu wanapita.

Dakta Mtarajiwa (Shela)
Shikamoo mama. Nasomea udaktari, na jambo hili nimelifuatilia kwa sababu majina ya mifupa yalitaka kunimaliza.

Watu wamelipima. Colin MacLeod na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha mwaka 2010 kwamba neno ulilolitamka hulikumbuka kuliko ulilolisoma kimya. Baadaye yeye na Noah Forrin wakalinganisha njia nne: kusoma kimya, kumsikiliza mtu mwingine akisoma, kusikiliza sauti yako mwenyewe iliyorekodiwa, na kusoma kwa sauti papo hapo. Iliyoongoza ni hiyo ya mwisho. Mdomo umefanya kazi, sikio limesikia, na sikio limejua ni wewe.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo kijana anapopoteza. Faida huonekana zaidi pale mengine yanaposomwa kimya na machache yakatamkwa. Kuku mmoja ukimfunga utepe mguuni utamjua. Ukiwafunga wote hujamjua yeyote. Anayepiga kelele kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ameutupa utepe wake.

Kuna na suala la mwendo. Mtafiti Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi za usomaji wa Kiingereza mwaka 2019: kimya, kwa maandishi yasiyo ya hadithi, ni wastani wa maneno 238 kwa dakika, kwa sauti 183. Kwa ukurasa mmoja si kitu, kwa silabasi ya miaka minne utaona.

Mama Langoni
Marahaba mwanangu, Mola akufikishe. Kwa hivyo atamke nini, anyamazie nini? Nikimwambia "machache" ataniambia yote ni muhimu.

Dakta Mtarajiwa (Shela)
Atamke vile vinavyotakiwa neno kwa neno, na vile vinavyofanana. Fasili, kanuni, majina. Mitosisi na meyosisi kwa mfano, zile njia mbili za seli kugawanyika: macho yanaona herufi mbili tatu za mwanzo yanapita, ulimi haupiti. Maelezo marefu, kama damu inavyozunguka moyoni, asome kimya mpaka aelewe, kisha afunge kitabu aeleze kwa maneno yake. Kwa Kiswahili pia sawa, bora ile fasili yenyewe aiweke kwa Kiingereza kama itakavyotakiwa kwenye karatasi.

Na hapo kwenye kufunga kitabu ndipo penye mali. Watafiti Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi makala. Kundi moja lilisoma vipindi vinne. Jingine lilisoma kipindi kimoja, vitatu vilivyobaki likaandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 wasomaji walikumbuka asilimia 83, wale wengine 71. Baada ya wiki moja, wasomaji 40, wale wengine 61. Mtihani wa Novemba hauji baada ya dakika 5.

Mwl. Barani
Hapo nakuunga mkono daktari. Ningeongeza tu kwamba wengi wanaosoma kwa sauti wanasoma, hawajiulizi. Sauti inawadanganya kwamba kazi inafanyika.

PundaWaAmu
Na ukuta wa jirani je? Mimi ndiye jirani wa watu.

Dakta Mtarajiwa (Shela)
Anong'one. Kunong'ona nako kumepimwa, hakufikii sauti kamili lakini kunashinda kimya. Hata kuchezesha midomo bila sauti kuna faida yake. Au atoke dakani, pale kibarazani mlangoni.

Mama Langoni
Dakani atakaa na wenzake wazungumze mpira, hapana. Nimeamua baada ya isha nyumba iwe kimya, sauti zake azimalize alasiri au baada ya alfajiri.

Jana nilimpokonya daftari, nikamwambia nieleze hizo mitosisi na meyosisi. Ya kwanza alitiririka. Ya pili akaanza na maneno yale yale ya kwanza, na mimi nisiyejua Baiolojia nikayatambua, maana nimeyasikia mwezi mzima! Dadake juu akacheka. Nikamwita naye, ya kwake ya kidato cha tatu akaeleza polepole, akakwama kwenye majina mawili.

Maalim Mkomani
Basi wewe ndiye maalim wao sasa. Usimsaidie anapokwama, muache kidogo atafute.

Kijana wa Matondoni
Samahanini wakubwa zangu, na Hesabu je? Mimi husoma mifano ya kitabuni kwa sauti.

Mwl. Barani
Acha hiyo mwanangu. Chukua karatasi ya mwaka uliopita, funika majibu, weka saa mbele yako: saa mbili na nusu, kama siku yenyewe. Sehemu ya kwanza maswali 16, yote ni lazima. Ya pili maswali 8, unachagua 5. Ukikwama kwenye swali, hapo lisome kwa sauti polepole, mara nyingi kuna neno uliliruka.